Duka la Ubeid Halifungwi

Kariakoo ikishachemka asubuhi, mtu hasikii hata jina lake. Wasukuma mikokoteni wanapiga miluzi, spika za madukani zinagombana, na mawinga wamesimama kila kona wakiwadaka wateja kwa maneno matamu ili wawapeleke kwenye maduka ya watu wengine na wao wale cha juu. Lakini ukivuka Mnazi Mmoja ukaingia Mchafukoge, katika mtaa mmoja mwembamba wenye maghorofa ya zamani, kuna duka ambalo winga hapeleki mteja. Humo ndimo alimoingia Heriel siku hiyo, akihema, fulana ya kijani imemganda mgongoni, raba zake nyeupe safi kuliko sakafu aliyoikanyaga.

Nyuma ya kaunta alikaa Badriya binti Ubeid, baibui jeusi lenye nakshi za uzi wa fedha mikononi, mtandio wa zambarau, wanja umekolea. Alikuwa anatafuna karanga huku anacheka na simu. Alipomwona mteja, akaificha simu, akafuta mdomo, akavaa uso wa huzuni kama alivyofundishwa.

"Mambo, sista."

"Salama. Karibu."

"Nataka bafta. Jora zima."

"Poleni sana. Mwanamume au mwanamke?"

Kijana akajitazama kifuani, akatabasamu. "Kwani unanionaje? Mwanamume, tena kamili."

"Sikuulizi wewe, kaka. Nauliza marehemu. Sanda ya mwanamume vipande vitatu, ya mwanamke vitano. Nisipojua nitakata nini?"

Heriel hakuwa anasikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye ule wanja. "Wewe nipe jora, kukata nitakata mwenyewe. Na bei uishushe bwana, mimi winga, mtu wa nyumbani."

Wazee wawili waliokuwa kwenye benchi la mlangoni wakaacha kunywa kahawa. "Astaghfirullah," mmoja akasema.

"Sanda haipatanwi bei," Badriya alinong'ona. "Nyamaza, utaniponza."

"Sanda gani? Mimi nimetaka kitambaa cheupe."

"Hebu angalia ulipo."

Heriel akaangalia. Pamba. Kafuri. Ubani. Chupa za marashi zimepangwa mstari. Majora meupe kutoka sakafuni hadi darini, meupe tu, hakuna rangi nyingine. Jasho la pili likamtoka, hili la baridi. Kabla hajageuka, pazia la nyuma likafunguka akatoka mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono. Ubeid mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani katangulia?"

Kusema ukweli hakuweza. Kile kitambaa kilikuwa cha mabango, na mabango hayo hayakuwa ya mpira wala ya injili. Jina lililomjia mdomoni lilikuwa moja tu. "Heriel, mzee. Heriel Swai."

"Aliugua?"

"Hapana. Ghafla tu."

"Mungu awape subira. Ghafla ndiyo ngumu." Mzee Ubeid akashusha jora kwa mikono yake, akalifuta vumbi, akaongeza na pakiti ya ubani bila kuombwa. Heriel akalibeba begani akatoka, masikio yakiwaka moto. Badriya akainama chini ya kaunta kama anatafuta kitu, akacheka mpaka machozi yakaharibu wanja.

Kesho yake alirudi. Shati limepigwa pasi, kapaka mafuta.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema.

"Wewe nani?"

"Heriel Swai."

Badriya akashika rafu asianguke. "Marehemu!"

"Cheka polepole, mzee asije akasikia."

"Baba yuko msikitini. Haya niambie, huko ahera hali gani? Kuna foleni?"

"Foleni ipo, ila nimeomba ruhusa. Nimewaambia kuna binti Mchafukoge nimemwachia deni la samahani."

Tangu siku hiyo jina likamganda. Simu ikilia mchana wateja wakiwa wachache, Badriya alikuwa anajibana kwenye kona ya majora na kusema kwa sauti ya chini, "Haloo, marehemu."

"Niko hai, ila kwa shida."

"Nini tena?"

"Chakula hakishuki, mahabuba."

"Kunywa maji kitashuka."

"Wewe huna huruma hata kidogo."

"Huruma yangu naiweka kwa wafiwa. Wewe ni mfu, huhitaji."

Hapo wanacheka wote wawili, yeye akiwa kona ya duka, Heriel katikati ya mtaa akiwa amemshika mteja mkono asimponyoke. Mara nyingine Badriya alikuwa anamsikia akipiga maneno, "Mama yangu, viatu hivi ukivaa hata mumeo atakutongoza upya," kisha sauti ileile inarudi sikioni mwake, laini: "Upo, kipenzi?" Alikuwepo. Alikuwa anaogopa jinsi alivyokuwepo.

Siku moja akaletewa ujumbe wa mistari minne.

*Natoka kwenye baridi, nimeota moto wako,*
*Sibishani, sina budi, nitatoa bei yako,*
*Nimekwenda nimerudi, nasimama mbele yako,*
*Nifukuze, nitazidi kulinda mlango wako.*

Akampigia papo hapo. "Umekopi wapi?"

"Hesabu mizani halafu nitukane."

"Nimehesabu. Zimetimia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nasema zimetimia." Akakata simu, akasoma tena, akasoma tena.

Habari ya mabango Heriel alimwambia mwenyewe, wakiwa wamekaa Mnazi Mmoja na soda mbili kwenye benchi, mkoba wa Badriya katikati yao kama mlinzi. Ansbert alikuwa winga mwenzake, wametoka Machame pamoja na begi moja. Siku moja Ansbert alisimama mbele ya simu akasema kwamba nchi hii ina wenyewe, na wenyewe hawataki kuondoka, na kura tunayopigishwa ni sawa na kuulizwa unataka kupigwa kwa mkono gani. Watu wakaisambaza video hiyo. Kesho yake gari lisilo na namba likamchukua mbele ya watu wanaokunywa supu. Hakuna aliyemaliza supu yake, na hakuna aliyesema neno.

"Mama yake ananipigia kila Jumapili," Heriel alisema. "Ananiuliza, mwenzako yuko wapi? Mimi namwambia nini? Wanatutawala kama shamba la babu yao, halafu wanatuomba tuwapigie makofi. Siku ya kura tunatoka. Kariakoo yote. Mageti chini, watu barabarani."

"Na wao wana bunduki."

"Sisi tuko wengi."

"Wengi ndio wanaolengeka kirahisi, Heriel."

Alishituka kusikia jina lake. Badriya hakumwita marehemu siku ile, wala hakumwita tena.

Mzee Ubeid si mtu wa kufichwa jambo. Alikuwa amekwisha kumtambua "kijana aliyejizika," akacheka peke yake mpaka akakohoa. Lakini cheko lilipokwisha alimkalisha binti yake. "Ana adabu, sikatai. Atasilimu?"

Badriya alimfikishia Heriel swali hilo kwa simu, akajibiwa haraka kama kofi: "Nikisilimu nitasilimu kwa kuamini, si kwa kutafuta mke." Jibu hilo lilimchoma na likamfurahisha, vyote kwa pamoja, na hakujua kipi kimezidi.

Siku moja kabla ya kura, Heriel alipita dukani mbio, sauti imekauka kwa kuzunguka mtaa kwa mtaa. "Wote wamekubali. Wa vitenge, wa simu, wa vyombo, hata wale wagumu wa mtaa wa pili. Wamebaki nyie. Mzee atafunga?"

"Nitaongea naye."

"Niahidi, roho yangu."

"Nimesema nitaongea naye."

Kwa Heriel hiyo ilikuwa ahadi. Alitoka pale akaenda kwa wenzake, akapiga kifua mbele yao: hata Ubeid anafunga, mimi ndiye niliyemshawishi. Na Heriel akishapiga kifua hakuwa anarudi nyuma.

Jioni Badriya akaongea na baba yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, vidole vikitembea kwenye tasbihi.

"Duka hili babu yako hakulifunga Idi wala mafuriko," alisema. "Siku aliyokufa mama yako mimi nilikuwa hapa. Nilimpimia sanda kwa mkono huu, nikafuta macho, nikampimia mtu aliyekuwa amesimama nyuma. Alikuwa na mtoto wake nyumbani amelala chini ya shuka. Ningemwambia nini? Rudi kesho?"

"Baba, ni siku moja tu."

"Siku gani? Unaijua siku yenyewe? Hiyo ndiyo siku watu watakayokufa, Badriya. Wewe unataka nifunge siku hiyo?"

Badriya akainuka. Akachukua simu amwambie Heriel. Simu haikutoka. Akajaribu ujumbe, haukwenda. Mtaa mzima watu walikuwa barazani wameinua simu juu kama wanaomba mvua. Mtandao ulikuwa umezimwa, na simu za kawaida nazo zilikuwa zimekatika.

Siku ya kura Kariakoo ililala. Mageti yalikuwa chini kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, na ukimya wake ulitisha kuliko kelele zake. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi, na nyuma ya kaunta alikaa Badriya na baibui lake, baba yake benchini.

Waliwasikia kabla ya kuwaona. Wimbo, kisha miguu, kisha weupe wa yale mabango ukajaza mtaa kutoka ukuta hadi ukuta. Bafta ileile. Walikuwa wauza nguo na wapiga rangi kucha, kina mama wenye kanga viunoni, wanafunzi, mawinga. Na mbele kabisa Heriel, kashika ncha ya bango, shingo imesimama, mzuri kama bwana harusi. Moyo wa Badriya ukaruka kwa fahari kabla haujaruka kwa hofu.

Akamwona. Akauona mlango.

"Badriya! Funga!"

"Heriel, njoo nikwambie—"

"Uliniambia mnafunga!"

"Sikusema! Nilisema nitaongea na—"

Wimbo ukameza maneno. Wenzake walikuwa wanamtazama yeye, si duka. Mmoja akacheka, "Huyu ndiye uliyemshawishi?" Uso wa Heriel ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nyuma yake sauti ikapaa: "Hao ndio wanaokula nao! Wasaliti!"

Jiwe lilitoka kwenye kundi. Lilipita juu ya bega la Heriel, likavunja kioo cha kabati la marashi, na la pili likampata Mzee Ubeid juu ya jicho. Akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka.

Badriya alipiga kelele. Heriel alikuwa hatua chache tu, kinywa wazi, bango bado mkononi. Hakusogea. Huenda angesogea, huenda alikuwa anatafuta miguu yake. Hakuna atakayejua, kwa sababu wakati huohuo milio ikaanza upande wa barabara kubwa, moshi ukaingia mtaani, na watu wote wakageuka kwa mara moja na kumzoa. Badriya aliona mgongo wake ukienda. Huo ndio aliobaki nao, mgongo wenye fulana nyeusi, ukikimbia.

Kisha wakaja majeruhi, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja. Waliingia wakitambaa, wakibebana. Mzee Ubeid aliinuka na damu inamtiririka kwenye ndevu, akachukua mkasi, akaanza kuchana bafta. Alifunga mapaja, alifunga mikono, alifunga kichwa cha msichana aliyekuwa anamwita mama yake. Kijana mmoja, Rajabu, winga mwenye risasi mguuni, alimshika mkono. "Ami, na wewe jifunge, unavuja damu." Mzee akamjibu, "Nyoosha mguu."

Wengine hawakuhitaji kufungwa. Waliwafunika shuka barazani kwa heshima, lakini alasiri likaja lori lenye askari, likawachukua wote na shuka zao. Mzee Ubeid aliuliza wanakopelekwa. Askari alimwambia arudi ndani kama anapenda kulala kwake.

Siku zilizofuata mji ulikuwa umefungwa mdomo. Askari kila kona, mchana watu wanapita wakitazama chini. Matokeo yalitangazwa redioni: wenyewe wamebaki kuwa wenyewe, kwa kura nyingi ajabu. Baadaye mageti yakaanza kupanda moja moja, spika zikarudi kugombana, na mtu asiyejua angesema hakuna lililotokea.

Ila duka la Ubeid lilijua. Kwa miaka yote hiyo halikupata kukosa mteja wiki nzima, na sasa lilikosa. Walikuja kina mama, walijaa benchi, lakini hawakununua. Wa kwanza alikuwa Sitara, muuza chapati wa Mnazi Mmoja, kanga zake kazifunga vibaya kama mtu aliyevaa gizani.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, Sitara. Mwanao?"

"Sijamwona. Nimekuja kuuliza tu. Kuna mtu amenunua sanda hapa tangu siku ile? Nikimjua nimfuate, nimuulize mwili alipewa wapi."

Mzee Ubeid, jicho moja limevimba mpaka limefumba, alitazama majora yake yaliyojaa mpaka darini. "Hakuna," alisema. "Watu wote wale, Sitara, na sijauza hata kipande. Hakuna aliyepewa mtu wake."

Badriya alikimbilia nyuma ya pazia, akauma mtandio wake. Alikuwa anamchukia Heriel. Alikuwa anamchukia kwa ule mgongo. Na kila mama aliyeingia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyanyua kichwa, asikie kama kuna aliyeona maiti ya kijana mrefu mwenye raba nyeupe.

Mtandao uliporudi, simu yake ililia mchana kweupe. Namba ngeni.

"Haloo?"

Pumzi tu. Aliijua pumzi hiyo.

"Uko hai," Badriya alisema.

"Niko kwa shangazi, Magomeni. Badriya, Rajabu kanieleza. Baba yako alimfunga mguu huku damu inamtoka yeye mwenyewe. Kaniambia ule mlango ungefungwa, yeye angekufa. Mimi nilisimama pale nikawaza ninyi ni wasaliti."

"Uliwaza tu?"

"Sikurusha jiwe. Haki ya Mungu."

"Najua hukurusha. Lakini hukumzuia aliyerusha. Hukuja. Baba alianguka, wewe umeshika bango."

"Nilishika bango," Heriel alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. "Nilikuwa naona haya mbele ya wale washikaji. Hiyo tu. Nimekaa hapa chumbani natafuta sababu kubwa kuliko hiyo, siipati."

Badriya akalia. Kule upande wa pili naye alikuwa analia, kila mmoja akijifanya hamsikii mwenzake.

"Baba anaona?" aliuliza Heriel.

"Jicho moja. Lile jingine daktari hana uhakika."

"Wananitafuta, mahabuba. Kuna mtu atanivusha. Kesho kutwa asubuhi naingia kivuko pale Magogoni, Kigamboni nikishafika kuna gari la kusini. Njoo. Njoo tuondoke wote. Nitakuoa kwa kadhi, kwa mchungaji, kwa mkuu wa wilaya, popote wanapofungisha ndoa. Utakuwa mke wangu?"

"Unaniposa kwa simu kama mtu anayeagiza chipsi?"

Alicheka, kicheko chake cha zamani, na Badriya akajua kwamba jibu lake ni ndiyo. Lilikuwa tayari mdomoni. Angelisema tu. Lakini pazia lilikuwa wazi, na kupitia pale alimwona baba yake akipapasa kaunta kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake.

"Njoo kwanza umtake baba radhi," alisema. "Uso kwa uso, si kwa simu. Ukimaliza uniulize tena palepale mbele yake, nitakujibu."

"Kuja huko mjini? Wapo kila kona."

"Kesho mchana, watu wakishajaa. Au wewe winga gani usiyeweza kupotea Kariakoo?"

Alisema kwa kutania. Alikuwa anamfahamu, alijua pa kumgusa.

"Mimi?" Heriel alisema. "Mimi nishindwe kupita Kariakoo? Mwambie mzee avae kanzu."

Mzee Ubeid alivaa kanzu. Alikuwa ameshaelezwa yote. Aliomba tu apelekewe kiti badala ya benchi, akae kama baba wa binti. Badriya alivaa dera la rangi ya machungwa mabivu na mtandio wa hariri, akapaka wanja, akaufuta, akapaka tena. Adhana ya adhuhuri ikapita. Chai ikapoa, akaitia moto, ikapoa.

Aliyetokea mlangoni alikuwa Rajabu, na gongo lake, uso umepauka. Mkononi ameshika jani refu la kijani, jembamba, limekunjika katikati.

"Wamemchukua," alisema. "Pale kona, karibu na wauza mabegi. Gari halina namba."

"Alijificha vipi?" Badriya aliuliza kwa upole wa ajabu, kama anauliza bei. "Alivaa kofia? Alipita vichochoroni?"

"Hakujificha, dada. Nilimwambia. Nilimwambia jani litie mfukoni, akakataa. Alilikata uani kwa shangazi yake. Alisema hili ni sale, kwao mlimani mtu akimkosea mzee anakwenda kwake na jani hili, na halifichwi, linashikwa mbele ya kifua watu waone kwamba unakwenda kuomba msamaha. Akapita nalo katikati ya soko, Ami. Shati jeupe, jani mkononi. Wapemba wanamcheka, Wachagga wote wa madukani wanasimama kumwangalia. Nani asingemwona?"

Mzee Ubeid akanyoosha mkono hewani mpaka Rajabu alipompa. Akalipapasa jani kutoka ncha hadi ncha.

"Na kwao," aliuliza, "aliyeletewa hili hufanyaje?"

"Hakatai, Ami. Akiletewa sale hana ruhusa ya kukataa."

"Nimemsamehe," alisema Mzee Ubeid. Akageuza lile jicho lake zima kuelekea mtaani, akasema kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu, "Nimekusamehe, mwanangu!" Wapita njia waligeuka, kisha wakaharakisha.

Badriya hakulia. Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe, ile ya utani: winga gani wewe?

Mama yake Heriel aliteremka kutoka Machame na basi, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sketi ya kitambaa kizito na sweta lisilofaa joto la Dar. Jina lake Joyceline. Rajabu ndiye aliyemleta dukani. Walitazamana, mama anayesokota vidole kwa wasiwasi, na binti mwenye baibui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mashairi?"

"Ndiye mimi."

"Alikuwa ananisomea kwa simu kabla ya kukutumia. Namwambia mimi sijui mambo hayo, ananiambia sikiliza tu kama yanateleza." Akavuta sweta lake. "Unipeleke huko wanakoulizia watu."

Wakaenda. Walikwenda vituoni, waliambiwa hayupo. Walikwenda hospitali ya kwanza, waliambiwa waandike ombi. Kwenye chumba cha maiti cha hospitali ya pili palikuwa na foleni ya wanawake imezunguka jengo, kanga na vitenge na mabaibui, Sitara naye yumo, akawapungia mkono bila kutabasamu. Walisimama juani mpaka jua likabadili upande. Hatimaye wakafika dirishani, ambako kijana mwenye koti la bluu hakuinua macho.

"Jina?"

"Heriel Swai," alisema Mama Joyceline.

"Anayeingia kuangalia ni ndugu wa karibu tu. Mama, wewe?"

"Ni mwanangu."

"Na huyu?" Akauona mtandio wa Badriya, akaliangalia tena lile jina la Kikristo, akakunja uso. "Wewe ni nani wake?"

Nyuma yao foleni ilisogea, ikawabana dirishani. Badriya akafungua mdomo. Lile neno alilolishika siku ile, akaliwekea masharti, akasema litasubiri mpaka kesho, lilikuwa bado pale.

"Mke wake," alisema.

"Cheti cha ndoa unacho?"

"Huyu ni mkwe wangu," Mama Joyceline alisema kabla Badriya hajajibu. "Mimi ndiye mama, nakwambia mimi. Mfungulie."

Kijana akawaangalia wote wawili, akachoka nao. Akafungua mlango wa chuma. Wakaingia wameshikana mikono, wakapita katikati ya zile nyuso moja baada ya moja, na kila uso Badriya alimwomba Mungu usiwe yeye, kisha akamwomba uwe yeye, kisha hakujua tena anaomba nini. Hakuwemo.

Nje walikaa kwenye ukingo wa mfereji. Mama Joyceline akavua sweta, akalikunja mapajani.

"Alikuuliza lini?"

"Kwa simu. Siku moja kabla hajachukuliwa."

"Ukamjibu?"

"Sikumjibu. Nimemjibu leo, pale dirishani."

Mama yule aliangalia lango ambalo wanawake wengine walikuwa wanatoka, wengine wakipiga mayowe, wengi kimya. Kisha akainuka, akakung'uta vumbi kwenye sketi, akamnyooshea mkono.

"Inuka, mwanangu. Rajabu kasema iko hospitali nyingine huku mbele. Na huko wakikuuliza, ujibu hivyohivyo."

Badriya akaushika mkono wake, wakaenda.